Ndoa iliyofungwa kwa ulaghai: jinsi ya kuiomba mahakama iitamke batili

Nimetoka kumsindikiza dada mmoja, mfanyabiashara wa alizeti pale Kibaigwa, mpaka hukumu yake iliposomwa. Shauri lilichukua muda mrefu kuliko ilivyostahili, na miezi minne kati ya hiyo ilipotea kwa kosa langu mimi niliyemwandikia hati. Mimi ni msaidizi wa kisheria hapa Dodoma. Nayaandika haya ili yasimkute mwingine.

Hatua ya 1: Jua unachoomba

Wengi wanakuja na neno moja tu: talaka. Talaka inavunja ndoa iliyokuwepo. Wewe unachosema ni kwamba ridhaa yako ilipatikana kwa ulaghai, kwa hiyo ndoa haikusimama tangu siku ya kwanza. Kifungu cha 16 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kinasema ridhaa iliyotokana na shuruti au ulaghai haihesabiki kuwa ya hiari, na kifungu cha 38 kinaitaja ndoa ya namna hiyo miongoni mwa ndoa batili.

Tofauti hii ina uzito. Talaka huwezi kuiomba kabla ndoa haijafikisha miaka 2, isipokuwa mahakama ikupe kibali, na kwa kawaida lazima kwanza mpite Baraza la Usuluhishi wa Ndoa. Sharti hilo la baraza limewekwa kwa ajili ya talaka. Nimeshuhudia watu wakizungushwa wiki nzima wakitafuta fomu ya baraza ambayo shauri lao halikuihitaji.

Hatua ya 2: Hesabu tarehe

Kama ulichofichwa ni ugonjwa wa zinaa wa kuambukiza, kifafa au wazimu wa kujirudia, au mimba ya mwanaume mwingine, uko chini ya kifungu cha 39. Hapo ndoa ni halali mpaka mahakama iibatilishe, na masharti ni makali: uwe hukujua siku ya kufunga ndoa, ufungue shauri ndani ya mwaka 1 tangu ndoa ifungwe, na tangu ulipogundua usiwe umekutana naye kimwili kwa hiari yako. Hilo la mwisho watu wanaona haya kuulizwa. Mimi namuuliza mtu siku ya kwanza, tukiwa wawili tu na mlango umefungwa, maana akija kuulizwa kizimbani mara ya kwanza atababaika.

Hatua ya 3: Andika ulaghai wenyewe

Hapa ndipo nilipokosea. Huyu dada aliolewa na mwanaume aliyesema amefiwa na mkewe. Miezi saba baada ya harusi, yule "marehemu" alibisha hodi na mtoto mgongoni, akiwa na cheti chake cha ndoa ya kanisani. Mimi nikaona jambo liko wazi kama mchana, nikaandika sentensi moja: "Mjibu maombi alimlaghai mwombaji kuhusu hali yake ya ndoa." Siku ya shauri wakili wa upande wa pili akasimama na kuuliza: alisema maneno gani, lini, mbele ya nani? Hati haikuwa na jibu. Shauri likaondolewa, tukaruhusiwa kulileta upya.

Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai inataka anayedai ulaghai auchambue ndani ya hati, pamoja na tarehe inapobidi. Isitoshe, Mahakama ya Rufani ilishasema kwamba madai ya ulaghai yanahitaji ushahidi mzito kuliko madai ya kawaida.

Siku hizi nanunua kaunta buku na kuichora safu tatu: alisema nini, lini na mbele ya nani, ukweli ulijulikanaje. Tunaandika kwa mkono, polepole. Kwenye simu sipendi, mtu anafuta na kuandika upya mpaka kumbukumbu yenyewe inapotea. Safu ya pili ndiyo ngumu. Dada alikumbuka "ilikuwa kipindi cha kuvuna", basi. Tukaenda kwa mjomba wake. Mzee akafungua sanduku la bati, akatoa bahasha ya kaki iliyoliwa na mende pembeni. Barua ya posa! Ina tarehe, ina sahihi ya mshenga, na mstari wa tano unasema: "kijana wetu alifiwa na mkewe". Kielelezo kile kilifanya kazi kuliko mashahidi wanne.

Kwa hiyo tafuteni barua ya posa kabla ya kitu kingine chochote. Jumbe za WhatsApp zinafaa pia, ila itunze simu yenyewe. Picha za skrini peke yake zinapingwa kirahisi. Na kama mwenzio alikuwa na ndoa ya mke mmoja isiyovunjwa, liandike hilo kama sababu ya pili inayojitegemea, kwa sababu kifungu cha 38 kinaibatilisha ndoa yenu hata ulaghai usipothibitika.

Uongo mwingine uache nje. Kwamba alisema ana nyumba Nkuhungu kumbe amepanga, sijawahi kuona ukibatilisha ndoa. Unaidhoofisha hati tu.

Hatua ya 4: Fungua shauri

Mahakama ya Mwanzo, ya Wilaya, ya Hakimu Mkazi na Mahakama Kuu zote zina mamlaka. Kwa ulaghai mimi nachagua ya Wilaya. Andika kwa Kiswahili.

Mambo ya ng'ombe wa mahari yasiingie kwenye hati hii, hata wazee wakisukuma vipi.

Hatua ya 5: Baada ya hukumu

Omba nakala iliyothibitishwa siku hiyohiyo, kisha hakikisha kumbukumbu za RITA, wakala wa serikali unaosajili ndoa, zinarekebishwa. Ukishindwa, una siku 45 za kukata rufaa, na zinahesabiwa tangu siku ya uamuzi.