Kusafisha buti kabla ya kushuka korongo la Kihansi

Mtu akiniuliza kazi ya kulinda chura wa Kihansi inaanzia wapi, namwonyesha brashi na ndoo. Chura huyu wa njano, jike wake hafiki sentimita 3, hana kwao kwingine duniani ila korongo hilo la milima ya Udzungwa. Mwaka 2003 walipukutika ghafla, na kuvu ya kitridi, ile inayoshambulia ngozi ya vyura, ikakutwa kwao. Mwaka 2009 wakatangazwa kutoweka porini. Tulio nao leo ni uzao wa 499 waliopelekwa Marekani mwaka 2000. Walianza kurudi Tanzania 2010. Kuvu hiyo husafiri ndani ya maji na tope bichi, yaani chini ya soli yako.

Hatua ya 1: Toa tope. Wengi hurukia dawa, na dawa ikikutana na tope nguvu zake huishia humo humo. Chokonoa meno ya soli kwa kijiti, sugua, kisha fungua kamba uzioshe peke yake. Niliwahi kung'arisha soli kama sahani nikasahau ulimi wa buti. Nilipopitisha kidole, kikatoka na udongo mbichi wa bonde lingine. Siku hiyo sikushuka.

Hatua ya 2: Changanya dawa. Jiki ya kawaida, ile dawa ya klorini ya kufulia, yenye nguvu ya asilimia 3.5, kikombe 1 kwa vikombe 2 vya maji. Changanya siku hiyo hiyo, mahali penye hewa, na uvae nguo usizozionea huruma. Loweka dakika 10.

Hatua ya 3: Suuza mbali na mto. Ngozi ya chura hunywa kila kinachoigusa, na klorini ni sumu kwake. Anika juani. Kuvu hii haiwezi ukavu; mimi huziacha buti siku nzima.

Hatua ya 4: Kama una kibali cha kumshika, glovu mpya kwa kila chura, zisizo na unga. Ndiyo, zinaisha haraka. Beba nyingi.

Hatua ya 5: Ukipanda, rudia yote tangu mwanzo. Hapa ndipo watu huchoka: magoti yanatetemeka, gari linapiga honi, na buti zinatupwa nyuma na tope lake. Wiki ijayo buti hizo hizo zitakanyaga kijito kingine.