Kabla ya kuagiza tairi la pikipiki kutoka ng'ambo

Bei unayoiona kwenye tovuti ni mwanzo tu wa hesabu. Kwanza kadiria usafirishaji, kwa sababu kampuni nyingi za vifurushi hazitozi kwa uzito wa mizani peke yake, bali huzidisha urefu, upana na kimo kwa sentimita, hugawa kwa 5,000, kisha hutoza kile kilicho kikubwa zaidi. Tairi la saizi ya 110/80-17 lina kipenyo cha karibu sentimita 61 na upana wa 11. Likifungwa kwenye boksi la 61 kwa 61 kwa 12, litahesabiwa kuwa karibu kilo 9, ingawa ukilibeba mkononi ni jepesi kuliko hapo.

Kwa mzigo unaokuja kwa meli, forodha za Afrika Mashariki hukokotoa ushuru juu ya bei ya bidhaa pamoja na bima na nauli, kwa hiyo nauli ikiwa kubwa, ushuru nao hupanda. Juu ya jumla hiyo, ushuru ukiwemo, huongezwa kodi ya ongezeko la thamani (VAT), ambayo Tanzania Bara ni asilimia 18 na Kenya 16. Ongeza pia ada ya wakala na makato ya benki ya kubadilisha fedha.

Mwombe muuzaji picha ya ubavu wa tairi: tarakimu 2319 humaanisha lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019, na mpira uliokaa miaka mingi ghalani hukakamaa, jambo la hatari kwenye lami yenye maji. Uliza vilevile nani hulipia kulirudisha. Ukishajumlisha yote, ndipo uulize bei ya dukani Kariakoo.