Saa kumi ya Kivictoria sebuleni kwako: kitambaa, keki na blauzi

Ukiniambia unataka kuvaa, kupika na kufuma kama Waingereza wa zama za Malkia Victoria, yaani 1837 hadi 1901, nitakuuliza kwanza: makochi ya kwenu yana vitambaa? Kama mama au bibi yako bado ana vile vyeupe vya kufuma, vilivyolazwa mgongoni mwa kochi na juu ya kila stuli, basi sehemu ngumu umeshairithi.

Vitambaa vile vilizaliwa na mafuta ya nywele. Wanaume wa Uingereza wa karne ya 19 walipenda kupaka mafuta yaliyouzwa kwa jina la Macassar, mji wa bandari ambao leo uko Indonesia, na kila mgeni aliyeegemea kiti aliacha alama ya kichwa chake. Kiti chenyewe hakifuliki. Akina mama wakatandika kitambaa kinachofulika. Mafuta yalikuja kupitwa na wakati lakini kitambaa kikabaki, na huku kwetu kazi za sindano zilifundishwa sana wasichana wa shule za misheni. Ndiyo maana sebule ya mama mkwe wangu kule Marangu ina sura ya London ya zamani kuliko duka lolote la mavazi ya maigizo.

Mimi ni fundi nguo hapa Moshi, na wateja wanaoniletea picha za Kivictoria kwenye simu wanaongezeka. Wengi wanadhani lazima waagize vitu kutoka nje. Usiagize. Sindano ya kroshe, jiko la mkaa na cherehani ya miguu ndivyo vyombo vyenyewe. Isaac Singer alipata hataza ya cherehani yake mwaka 1851, na mafundi wa barazani bado wanakanyaga ndugu zake mpaka leo. Kinachotakiwa ni kufanya kazi ile ile, kwa vyombo vile vile, bila kuharakisha.

Tuanze na kitambaa. Nunua uzi mweupe wa pamba wa kufumia, ule mwembamba uliosokotwa vizuri, si sufu ya sweta. Sindano iwe nyembamba pia. Fuma mnyororo wa vitanzi 6, uunganishe uwe pete. Panda vitanzi 3, kisha ndani ya pete fuma ile mishono mirefu ambayo nyumbani tuliiita nguzo, 11, ili pamoja na vile vitanzi vya kupandia upate 12. Funga duru. Duru ya pili, weka nguzo 2 juu ya kila moja. Sasa zipo 24. Duru ya tatu ndiyo inayoleta matundu: vitanzi 5, ruka nguzo moja, shika inayofuata, tena vitanzi 5, hivyo hivyo hadi upate matao 12. Duru ya nne shika katikati ya kila tao, ila sasa vitanzi viwe 6 au 7. Hapa tumia macho. Ukiona kingo zinajikunja kwenda juu, ongeza kitanzi. Zikifanya mawimbi, punguza. Malizia kwa kufuma nguzo 9 ndani ya kila tao, na ukingo utakuwa na maua 12 ya nusu duara.

Duara moja linatosha kikombe. Kwa mgongo wa kochi, fuma maduara 6, yapange mawili kwa matatu, uyashone ncha kwa ncha kwa uzi ule ule. Kazi hii ni ya jioni, ukiwa unasikiliza redio, na usijiwekee tarehe ya kumaliza.

Sasa wanga, maana mama mkwe wangu ana msemo wake: "Kitambaa kisichotiwa wanga ni tambara." Koroga kijiko kimoja cha chakula cha wanga wa muhogo kwenye nusu kikombe cha maji ya baridi mpaka mabonge yaishe. Mimina taratibu kwenye vikombe viwili vya maji yanayochemka huku ukikoroga, hadi uji ung'ae na kuwa mwepesi. Ukipoa kidogo, tumbukiza kitambaa kilichofuliwa, kikamue bila kukisokota, kilaze juu ya taulo, uvute kila ua la ukingo kwa kidole na kulibana kwa pini isiyoshika kutu. Pini yenye kutu itaacha doa ambalo hakuna sabuni italitoa. Kikikaribia kukauka, piga pasi kwa upande wa nyuma.

Keki tunayoiita ya Victoria imo kwenye kitabu cha mambo ya nyumbani cha Isabella Beeton, kilichotoka London mwaka 1861. Watu humdhania alikuwa bibi kizee aliyepika miaka hamsini. Alikuwa na miaka 25 kitabu kilipotoka, na alifariki akiwa na 28. Kipimo chake napenda kwa sababu hakidai vikombe wala mizani ya kisasa: mayai 4, halafu sukari, siagi na unga, kila kimoja kwa uzito wa mayai hayo, na chumvi kidogo sana.

Hapo ndipo wengi wetu hukwama, kwa sababu tunachukua gramu kutoka mtandaoni huku tukitumia mayai ya kuku wa kienyeji. Mayai 4 makubwa ya kisasa, na maganda yake, yanakaribia gramu 230. Ya kienyeji yanaweza kuishia 170. Ukitumia unga wa gramu 230 kwa mayai madogo, keki itakuwa ngumu na utamlaumu muuza unga. Pima mayai kwanza. Kama huna mizani, muuza duka anayo, na atakupimia sukari na unga kwa uzito wa mayai yako hata kama atacheka.

Sukari itwange. Kitabu kile kinadai sukari iliyotwangwa, kwa kuwa zama zile ilifika jikoni ikiwa bonge gumu lenye umbo la pia, na sukari yetu ya chembe kubwa nayo haiyeyuki haraka kwenye siagi. Kinu na mchi vinamaliza kazi kwa dakika chache. Piga siagi mpaka iwe nyeupe na laini, changanya sukari na unga, kisha mimina mayai uliyoyapiga pembeni mpaka yakaumuka. Beeton mwenyewe aliagiza mchanganyiko wote upigwe kama dakika 10, na hakuweka baking poda. Baking poda ilikuwepo: Alfred Bird, mkemia wa Birmingham, aliitengeneza mwaka 1843 kwa ajili ya mkewe ambaye mwili wake ulikataa hamira. Mimi naweka vijiko viwili vya chai. Mkono wangu unachoka mapema siku hizi, na keki inainuka vizuri zaidi.

Kuoka kwa mkaa hakukuondolei Uvictoria, kunakuongezea. Majiko yao yalikuwa ya makaa ya mawe, hayakuwa na namba za joto, na mpishi alipima kwa karatasi nyeupe. Tandika mchanga mkavu kina cha vidole viwili ndani ya sufuria kubwa, funika, weka motoni robo saa. Tupia kipande cha karatasi, funika tena dakika 5. Kikigeuka rangi ya biskuti, ingiza keki. Kikiwa cheusi, punguza mkaa wa chini. Mkaa mwingi uwe juu ya mfuniko. Trei iwe ya pembe nne, iliyopakwa siagi, na tabaka la rojo ndani yake lisiwe nene. Kuanzia dakika ya 20 choma kijiti katikati: kikitoka kikavu, imeiva.

Katikati hupakwa jamu. Raspberi hatuna sokoni, ila matunda damu tunayo, na ukali wake ndio unaohitajika. Kilo moja yamwagie maji ya moto, menya, saga, chuja mbegu. Ongeza sukari gramu 700, chemsha huku ukikoroga hadi tone likiwekwa kwenye sahani ya baridi lisitiririke. Ikate keki iliyopoa vipande viwili sawa, paka jamu kimoja, weka kingine juu, ukandamize kidogo. Halafu usikate pembetatu. Kata vipande virefu vya upana wa vidole viwili, uvipange kwenye sahani kwa kupishana, safu moja hivi na nyingine vile. Ndivyo kitabu kilivyoagiza, na sahani inapendeza bila krimu wala rangi.

Chai yenyewe ni ya saa kumi, kama tulivyozoea. Inasimuliwa kwamba Anna, mke wa Duke wa Bedford, bwana mwenye cheo kikubwa Uingereza, ndiye aliyeanza kuagiza chai na vitafunwa alasiri, miaka ya 1840, kwa sababu chakula cha usiku kilichelewa mno na tumbo halikumvumilia. Chemsha maji, mimina juu ya majani kwenye birika la udongo, acha dakika 4, maziwa yaje kwenye jagi lake. Tangawizi na iliki zipumzike leo. Kesho tutarudi kwetu.

Kabla ya nguo niseme jambo moja, kwa kuwa mtu lazima ataniuliza kwa nini namsifia malkia wa wakoloni. Simsifii. Meli za dola yake zilipiga makombora jumba la Sultani kule Zanzibar tarehe 27 Agosti 1896. Na ile hadithi wanayosimuliwa watalii hapa Moshi, kwamba alimzawadia mjukuu wake wa Ujerumani Mlima Kilimanjaro, ni uongo: mpaka ulichorwa kwa makubaliano ya Uingereza na Ujerumani mwaka 1886, na mjukuu hakuwa mfalme mpaka 1888. Ninachokipenda mimi ni mkono wa blauzi.

Mkono huo ni wa miaka ya 1890: umefura begani na kubana kuanzia kiwiko hadi kifundo cha mkono. Chora pateni ya mkono wako wa kawaida kwenye karatasi, mrefu. Kutoka juu begani mpaka usawa wa kiwiko, chora mistari mitano iliyosimama. Ikate kutoka juu, lakini uishie kabla karatasi haijaachana pale kiwikoni. Tanua kila mkato sentimita 4 upande wa juu, bandika karatasi nyingine chini yake, kisha kweza lile pindo la bega kwa sentimita 7 na uchore upya kwa mviringo. Ukishakata kitambaa, pitisha mishono miwili mirefu isiyokaza kwenye pindo hilo, vuta nyuzi mpaka lilingane na tundu la mkono, na marinda yote yasukume juu ya bega. Yakishuka kwapani utaonekana mnene tu. Ndani shonea kipande cha neti ngumu chenye marinda, la sivyo puto litalala kabla ya saa sita mchana.

Kola iwe ya kusimama. Zao zilifika chini ya masikio. Kwako sentimita 4 zinatosha, iliyokazwa ndani na yenye lesi nyembamba juu. Kitambaa kiwe pamba. Mimi nakwenda soko la Memorial kutafuta mashuka meupe ya mtumba, yale yaliyofuliwa mpaka yakalainika, na shuka moja la kitanda cha watu wawili hutoa blauzi na kubakiza. Hapa Moshi mwezi wa saba blauzi hii inavalika siku nzima. Dar mwezi wa pili ni adhabu, subiri jioni. Chini vaa sketi ndefu ya vipande, iliyobana kiunoni na kutanuka chini. Koseti niondolee.

Na si lazima uvae nyeusi. Victoria alivaa nyeusi tangu mumewe Albert alipofariki Desemba 1861 mpaka naye akafa, lakini raia wake walipenda rangi za kupiga kelele. Mwaka 1856 kijana wa miaka 18, William Perkin, alikuwa London akijaribu kutengeneza kwinini, dawa ya malaria. Kwinini hakuipata, akapata rangi ya zambarau, ya kwanza kabisa ya kiwandani kupendwa na watu wote. Kwa hiyo zambarau iliyoiva ni halali kabisa. Kijani chao kikali ndicho cha kuogopa, kwani kingi kilikuwa na sumu ya aseniki. Cha dukani leo hakina shida.

Bado mwaliko. Waingereza wa zama hizo walishikwa na wazimu wa kukusanya kangaga, na sisi wa mlimani tunazikanyaga kila siku. Chuma majani machache mabichi, yabane ndani ya kitabu kizito kwa wiki moja. Laza jani kavu juu ya kadi nyeupe, ulishikilie kwa pini ndogo. Chovya mswaki wa zamani kwenye wino, ukung'ute vizuri, kisha kwaruza nywele zake kwa kitana ili matone madogo yarukie kadi. Weka magazeti mezani na uvae nguo ya kazi, maana wino unaruka pande zote. Acha ikauke kabisa ndipo uinue jani. Katikati ya umbo jeupe linalobaki, andika jina la mgeni, siku, na saa kumi kamili, na chini yake kwa herufi ndogo: keki haitamsubiri mtu.