Unataka kuuza zana ya waandishi wa programu kwenye FreeBSD? Pima soko hivi

Kwenye mfumo endeshi wenye watu wachache, usianze kwa kuhesabu watumiaji. Mtafute anayelipwa mshahara kufanya kazi humo, umuulize kazi yake inakwamia wapi. Natumia mfano wa FreeBSD kwa sababu seva zangu zinaendeshwa nayo na naipenda kwa dhati.

Wanaolipwa wapo. Seva zinazosambaza video za Netflix zinaendeshwa na FreeBSD, na mfumo wa PlayStation 4 ulitokana nayo. Wateja wa namna hiyo ni wachache, ila wana bajeti.

Anzia /usr/ports/devel, folda ya zana za waandishi wa programu ndani ya mkusanyo wa FreeBSD wa maelekezo ya kusakinisha programu; kila moja huitwa port. Kila programu ina faili yake ya Makefile. Ifungue, utazame mstari wa MAINTAINER (mtunzaji). Ukikuta ports@FreeBSD.org, port hiyo haina mwenyewe. Tafuta pia BROKEN (imeharibika) na DEPRECATED (iko njiani kuondolewa). Kisha nenda Bugzilla ya mradi, mahali watu wanaporipoti hitilafu, usome malalamiko, maana hapa ndipo wengi wanapopotea: wanaona pengo, wanadhani ni soko. Zana yatima ambayo watu bado wanaililia ina wanunuzi. Yatima ambayo hakuna anayeiulizia, achana nayo hata kama unaipenda.

Halafu pima nguvu ya vitu vya bure. Tangu FreeBSD 10 ya mwaka 2014, Clang ndiyo kompaila ya mfumo. LLDB (ya kusaka hitilafu) na DTrace (ya kufuatilia mfumo ukiwa unafanya kazi) nazo zimo humohumo. Usijaribu kuuza mbadala wake. Kampuni ya Borland ilileta Kylix, zana yake ya kuandikia programu, kwenye Linux mwaka 2001, toleo la juu likiuzwa dola 1,999, wakati kompaila ya GCC haina bei. Tena mazingira yake ya kuandikia yaliendeshwa kwa maktaba za Wine (za kuendeshea programu za Windows kwenye Linux) badala ya kujengwa upya kwa ajili ya Linux. Kylix 3 ya mwaka 2002 ikawa ya mwisho.

Kama tayari una toleo la Linux, lijaribu kupitia Linuxulator, sehemu ya FreeBSD inayoendesha programu za Linux. Likifanya kazi vizuri, mteja hana sababu ya kulipia toleo la pekee. Kinachouzika ni kile kinachogusa mambo ya FreeBSD yenyewe, kwa mfano kusaka hitilafu kwenye programu zilizotawanyika ndani ya jails nyingi (vyumba vilivyotengwa ndani ya mfumo mmoja).

Bei ipange kwa kampuni, kwa mwaka, na uahidi kwamba toleo jipya la FreeBSD likitoka zana yako itakuwa tayari. Ahadi hiyo ndiyo mhandisi anayoweza kuitetea mbele ya bosi wake.

Mhandisi akikwambia ameipenda zana yako, muulize nani anasaini manunuzi. Omba kukutana na huyo, mkubaliane malipo ya awali. Hadi hapo usiandike zaidi ya toleo dogo la kuonyesha.