SOMO: Vya ndani vya filo, vya chumvi na vya sukari (soma mpaka mwisho kabla ya kuuliza)

Assalaam alaykum wapishi wenzangu. Tangu Ramadhani ikaribie naulizwa jambo moja kila siku: "mbona filo yangu inalowa chini?" Naandika hapa mara moja. Atakayeniuliza tena nitamleta huku.

Kwanza, filo si manda. Manda za sambusa zimeshapita kwenye chuma cha moto, zimeiva nusu, na zinakwenda kwenye mafuta kwa dakika chache tu. Filo ni unga mbichi uliotandazwa mwembamba kabisa, na inakaa kwenye oveni dakika 20 na zaidi. Wagiriki wameipa jina lenye maana ya jani, na ina tabia za jani: ikiachwa wazi inakauka, ikiguswa na maji inalowa. Kwa hiyo cha ndani kiwe kikavu na kiwe kimepoa. Vyote viwili, si kimoja.

1. Itoe pakiti friza usiku, ilale kwenye friji. Saa moja kabla ya kazi itoe nje, usiifungue.

2. Yeyusha samli. Tayarisha brashi na kitambaa kilicholowa kidogo cha kufunikia karatasi zinazosubiri.

3. Kima. Nusu kilo, thomu na tangawizi, bizari ya pilau, pilipili manga, chumvi, na kitunguu kilichokatwa kidogo kidogo. Pika bila mfuniko. Sikiliza sufuria: mwanzo inatokota, baadaye sauti inabadilika inakuwa ya kukaanga. Hapo maji yameisha. Imwage kwenye chujio mafuta yatoke, ipoe kabisa, ndipo utie kotmiri. Najua kwenye sambusa tunatia kitunguu kibichi mwishoni. Kwenye filo usifanye hivyo, kitatoa maji humo humo ndani ya oveni.

4. Spinachi na jibini. Hapa ndipo nilipoharibu, kwa hiyo nisikilizeni. Nilipokea oda ya vipande 120 vya shughuli. Nikachemsha spinachi, nikaikamua juu juu, nikaichanganya na jibini ikiwa bado vuguvugu kwa sababu saa zilikuwa zinakwenda. Zilitoka rangi ya dhahabu, nyumba nzima ikasifu. Nilipogeuza moja, chini ilikuwa nyeupe, inanata kidoleni kama uji ulioganda. Zote 120. Nilirudisha pesa ya watu, na aibu ile sijaisahau.

Sasa nafanya hivi. Kilo moja ya spinachi, ikatekate, inyunyizie kijiko cha chai cha chumvi, iache dakika 20. Ipitishe kwenye sufuria kavu mpaka ilegee, bila tone la maji. Ikipoa, ifunge kwenye kitambaa cha pamba (nina kipande cha kanga kuukuu kwa kazi hii) uisonge kama unavyokamua tui. Pumzika, songa tena. Bonyeza kitambaa juu ya meza: kikiacha alama ya maji, bado. Kilo nzima itabaki donge la kushika kwa mkono mmoja, usiogope. Ndipo utie gramu 200 za feta (jibini nyeupe ya Kigiriki) iliyovunjwavunjwa, yai moja, pilipili manga na kungumanga kidogo. USITIE CHUMVI TENA. Feta inahifadhiwa kwenye maji ya chumvi, na spinachi umeshaitia. Na usichanganye jana ukafunga leo, maana ukikaa unaanza kutoa maji upya.

5. Nazi. Nazi moja iliyokunwa, sukari nusu kikombe, iliki, zabibu kavu ukipenda. Koroga kwenye moto mdogo kama unapika kashata, ila iepue kabla haijashika. Ipoe.

6. Korosho au lozi. Saga ziwe chenga. Ukizidisha zinatoa mafuta, zinakuwa donge. Iliki, mdalasini, sukari vijiko viwili tu, kwa sababu shira (maji ya sukari yaliyochemshwa) inakuja.

7. Tandaza karatasi tatu zilizopakwa samli katikati, kata mikanda ya upana wa vidole vinne, weka kijiko kimoja cha kulia cha mchanganyiko, kunja pembe tatu kama sambusa. Ya korosho mimi napanga kwenye trei tabaka kwa tabaka. Hiyo ikate vipande KABLA ya kuoka, ikishaiva inavunjika.

8. Oveni nyuzi 180, dakika 20 mpaka 25. Trei ya tabaka inataka dakika 40 au zaidi.

9. Shira iwe baridi na trei iwe ya moto. Vyote vikiwa vya moto, filo inalegea.

Maswali yaje.

---

Mama Pacha: Asante dada. Nikiwa na haraka naweza kutia kima ikiwa ya moto?

Mwandishi: Hapana. Soma hatua ya 4, utaona nilichokipata kwa haraka.

Mteja wa Kariakoo: Mimi filo yangu ilivunjikavunjika hata kabla ya kuikunja. Somo halijasema.

Mwandishi: Uliiyeyushia wapi?

Mteja wa Kariakoo: Nje juani, nusu saa.

Mwandishi: Hatua ya 1.

Binti Tanga: Shikamoo dada. Kwa nini samli na si siagi? Nataka kuelewa sababu.

Mwandishi: Marahaba mwanangu. Siagi ina maji ndani yake, kiasi cha asilimia 16, na ina chembe za maziwa zinazoungua haraka. Samli imeshapikwa, maji yametoka na chembe zimechujwa, kwa hiyo tabaka zinakauka vizuri na hazipati madoa meusi. Hata Gaziantep kule Uturuki, ambako baklava yao (filo ya tabaka kwa tabaka yenye shira) imelindwa jina na Umoja wa Ulaya tangu 2013, wanatumia samli. Kama una siagi tu, iyeyushe kwa moto mdogo, toa povu la juu, mimina taratibu na uache ile nyeupe ya chini. Umeshapata samli.

Jiko la Mwanza: Bibi yangu anatia kitunguu kibichi miaka yote na hazilowi. Msituchanganye.

Mwandishi: Bibi anatumia filo au manda?

Jiko la Mwanza: Manda anakanda mwenyewe.

Mwandishi: Basi bibi yuko sahihi na mimi niko sahihi. Nimelieleza hilo mwanzoni kabisa. Mpe salamu, na kama ataruhusu tuletee somo lake la manda, wanaozikanda nyumbani wamebaki wachache.

Binti Tanga: Na embe je? Lilijaa hapa wakati wa msimu nikawaza.

Mwandishi: Swali zuri. Litokose na sukari na ndimu mpaka lizidi uzito wa jamu, lipoe. Kisha kabla ya kuliweka, nyunyiza juu ya filo chenga za mkate mkavu uliosagwa au semolina kidogo. Wagiriki nao huweka hivyo chini ya pai zao, zinanyonya maji yanayotoka. Ndizi mbivu usizipike sana, zikaange kwenye samli tu, iliki juu.

Mama Pacha: Feta hapa bei haishikiki.

Mwandishi: Tengeneza jibini yako: chemsha lita 2 za maziwa, zima, kamulia ndimu mpaka yakatike. Chuja kwa kitambaa, weka uzito juu usiku kucha. Hilo sasa ndilo la kutia chumvi, maana halina.

Mgeni: Sina oveni. Nikae tu?

Mwandishi: Usikae. Nani humu anapalia?

Mwana wa Pemba: Mimi. Sufuria nzito, mchanga mkavu chini, trei ndogo juu ya mawe matatu, mfuniko wa bati, makaa juu na chini kama mkate wa kumimina. Ila ya juu yawe mengi kuliko ya chini. Funua baada ya dakika 15 uangalie.

Mgeni: Mchanga wa pwani unafaa?

Mwana wa Pemba: Unafaa, uoshe chumvi itoke, uanike. Nautumia huo huo mwaka wa tatu sasa.