Zima taa kwanza: kupiga picha nyumba unayopangisha wageni wa likizo

Kosa ninalolikuta mara nyingi kwenye picha za nyumba za likizo si uchafu wala fanicha iliyochakaa. Ni taa. Mwenye nyumba anafungua mapazia, halafu anazunguka vyumba vyote akiwasha kila balbu, akidhani mwanga ukizidi na picha itazidi kupendeza. Kitanda kinatoka bluu upande wa dirishani na njano upande wa taa, na ukuta mweupe unakuwa na rangi ya ugonjwa.

Mwanga una rangi, ila macho yetu yamezoea kuipuuza. Kwa Kelvini, kipimo cha rangi ya mwanga, balbu ya njano ya nyumbani iko karibu na 2,700, mwanga wa jua la mchana uko kama 5,500, na wa kivulini hufika 7,000 na kupita. Kamera haiwezi kuzisawazisha zote kwa mpigo. Ikiurekebisha mmoja, mwingine unaharibika. Kwa hiyo kwenye kazi hii ninachagua mwanga mmoja, halafu chumba ndicho kinachoufuata.

Kama unajiuliza iwapo shida yote hii ina maana: mwaka 2009 waanzilishi wa Airbnb waliona kwamba nyumba za New York kwenye tovuti yao ya kupangisha wageni zilikuwa na picha mbovu, wakakodi kamera na kwenda kuzipiga wenyewe. Kamera ya kukodi si lazima. Simu nzuri na tripodi ndogo vinatosha.

Hatua ya 1: Ijue nyumba saa kwa saa

Siku moja kabla, pita kila chumba asubuhi, adhuhuri na alasiri, uandike ni saa ngapi mwanga unaingia kwa upole. Jua likipiga moja kwa moja dirishani, linachora mapande meupe sakafuni na kuunguza shuka hadi mikunjo yote ipotee. Ndiyo maana chumba kinachotazama mashariki ninakiacha hadi mchana, na cha magharibi ninakianza asubuhi. Ikibidi kupiga jua likiwa dirishani, shusha pazia jepesi jeupe.

Siku ya mawingu ni nzuri kwa ndani na mbaya kwa nje, maana anga linatoka kama karatasi tupu. Sioni aibu kurudi siku ya pili kwa ajili ya baraza na bustani.

Hatua ya 2: Toa kabla ya kuweka

Zamani nilikuwa nafika na sanduku la mapambo: vinyago, mishumaa, vitabu vyenye majalada mazuri. Picha zilifanana na dirisha la duka. Siku hizi nafika na kapu tupu, na kazi ya kwanza ni kulijaza. Rimoti, chaja, nyaya, sabuni zilizotumika, brashi ya choo, ndoo za taka, sumaku za friji, karatasi za maelekezo zilizobandikwa ukutani, vyote vinaingia humo hadi kazi iishe.

Kisha piga picha ya majaribio na uigeuze nyeusi na nyeupe. Rangi zikiondoka, vurugu iliyobaki inajitokeza yenyewe: waya uliosahaulika, kiti kinachoziba mlango, pazia lililoning'inia kombo.

Hatua ya 3: Kitanda

Hapa usiwe na haraka, maana mgeni anatafuta mahali pa kulala kabla ya kitu kingine chochote. Shuka likitoka kabatini lina mistari ya kukunjwa, na kamera inaiona yote. Litandike kwanza, linyunyizie maji kidogo, kisha lipige pasi likiwa pale pale kitandani. Anza na upande utakaoonekana. Usiotazamwa na kamera unaweza kuuruka, mimi huuruka.

Duveti nyembamba inaonekana ya kimaskini hata kama ni ya bei. Weka mbili ndani ya mfuko mmoja wa duveti. Mito mikubwa ikae nyuma, midogo mbele, na midomo ya foronya igeukie upande usioonekana. Mito miwili kwa kila mlalaji inatosha. Ukipanga kumi, mgeni anaanza kuwaza ataiweka wapi usiku.

Mashuka meupe yana faida nyingine: yanarudisha mwanga, kwa hiyo kitanda chenyewe kinaangaza chumba. Lakini yanaazima rangi pia. Karibu na ukuta wa kijani yatakuwa na kijani kidogo. Blanketi lenye rangi iliyotulia, likitandazwa miguuni, linapunguza hali hiyo na kulipa jicho mahali pa kutua.

Hatua ya 4: Vyumba vingine

Sebuleni, sogeza kochi kidogo kutoka ukutani na uache njia ya wazi kutoka kwenye kamera hadi dirishani. Zima televisheni, na zima feni pia, la sivyo mapanga yake yatatoka kama ukungu. Jikoni, bakiza vitu viwili au vitatu tu juu ya kaunta. Bafuni, funga kifuniko cha choo, weka taulo safi, futa bomba hadi ling'ae. Kuhusu kioo: weka kamera pembeni yake, tumia kipima muda, kisha toka nje. Nimewahi kukabidhi picha kumi na mbili zenye kiwiko changu.

Hatua ya 5: Kamera

Watu wengi wanapiga kutoka usawa wa macho, wakiinamisha simu. Kuta zinaanza kulala. Shusha kamera hadi sentimita 120 hivi sebuleni, na kama mita moja chumbani. Jikoni ipandishe kidogo tu juu ya kaunta. Washa gridi, ile mistari ya mwongozo kwenye skrini, na hakikisha kingo za milango zimesimama wima. Simama kwenye kona au mlangoni, na uilaze simu ili picha iwe pana.

Lenzi pana kabisa ya simu, ile ya 0.5, siipendi kwa ndani. Inavuta kingo hadi meza ya mviringo iwe yai, na chumba kidogo kinaonekana ukumbi. Mgeni akifika atajua. Kwa kamera yenye kihisi kikubwa (full-frame), lenzi ya milimita 18 hadi 24 inatosha. Ninatumia f/8 (ukubwa wa tundu la lenzi), ISO 100 au 200 (wepesi wa kamera kuhisi mwanga), na kipima muda cha sekunde 2 ili mkono wangu usiitikise.

Dirisha likitoka jeupe tupu, piga picha tatu bila kusogeza kamera: ya kawaida, yenye giza zaidi na yenye mwanga zaidi, kisha ziunganishe. Simu nyingi zinafanya hivyo zenyewe. Kona ikiwa na giza, usikimbilie taa. Shikilia shuka jeupe mkabala na dirisha, nje kidogo ya fremu. Fleshi, kama huna budi, ielekeze kwenye dari jeupe. Dari la mbao litakurudishia rangi ya machungwa.

Hatua ya 6: Sasa washa taa

Picha moja inazistahili taa zote: nyumba kwa nje, jioni, kama dakika 15 hadi 25 baada ya jua kuzama, anga likiwa bluu nzito na madirisha yakiwaka. Karibu na ikweta giza linaingia upesi, mbali nayo linakawia, hivyo weka tripodi mapema na upige kila dakika mbili hadi ulinganifu upatikane. Balbu ziwe za rangi moja, kati ya Kelvini 2,700 na 3,000. Balbu moja nyeupe kali katikati ya za njano inaharibu kila kitu, na huioni hadi ufike mbali.

Hatua ya 7: Kusafisha na kupanga

Kwenye programu ya kuhariri picha, nyoosha mistari, kisha rekebisha rangi kwa kugusa sehemu nyeupe ya shuka. Doa la vumbi unaweza kulifuta. Nguzo ya umeme iliyo mbele ya dirisha usiifute, kwa sababu mgeni ataikuta imesimama pale pale.

Picha ya kwanza iwe ile inayoonyesha kitu ambacho nyumba yako inacho na za jirani hazina, hata kama ni baraza dogo. Baada yake fuata njia ya mgeni: mlango, sebule, vyumba, bafu, nje. Piga ngazi pia, hata kama hazipendezi. Mwenye goti bovu au mtoto mchanga anazitafuta kabla ya kulipa, na asipoziona atauliza kwa ujumbe au atahamia nyumba nyingine.