SOMO: Kuunda komponenti na kuzipa majina kwenye Boomi (soma hadi mwisho kabla hujaja PM)

Wakuu salaam. Kwa mgeni: Boomi ni jukwaa la kuunganisha mifumo, na komponenti ni vipande unavyojengea humo: prosesi (mtiririko wa kazi), koneksheni (njia ya kufikia mfumo), oparesheni (kitendo juu ya koneksheni), profaili (umbo la data) na mapu (inayogeuza data ya umbo moja kwenda jingine). Nimechoka. Kila wiki mtu ananitumia skrinshoti ya folda ina "New Map" tano na "New Process" tatu halafu anauliza kaka ipi ndiyo inafanya kazi. Mimi nitajuaje? Naandika hapa mara moja, ukiniuliza tena nakutumia linki na siongezi neno.

Mfano wetu: oda zinatoka kwenye databesi ya duka, mteja anatumiwa ombi la kulipa kwenye simu (ndiyo STK push) kupitia Daraja, ile API ya M-Pesa ya Safaricom Kenya. Nimeichagua kwa sababu wengi mnaonisumbua mnafanya hiyo hiyo.

HATUA 1: Folda. Moja kwa kila integresheni, na nyingine ya vitu vya pamoja, mimi naiita 00_Pamoja ili ikae juu.

HATUA 2: Jina liandikwe pale pale unapounda. Kile kisanduku kinachokuja na aina, jina na folda usikipite kwa kubonyeza tu. Boomi haikukatazi kuwa na komponenti mbili za jina moja, yenyewe inazitambua kwa ID, atakayepotea ni wewe.

HATUA 3: Mpangilio wa jina. Aina kwanza (CONN koneksheni, OP oparesheni, PRF profaili, MAP mapu, PROC prosesi), kisha mfumo, kisha kitendo, kisha kitu:

CONN_HTTP_Daraja
OP_Daraja_POST_StkPush
PRF_JSON_StkPush_Ombi
PRF_JSON_StkPush_Jibu
MAP_OdaDB_StkPush
PROC_Oda_OmbaMalipo

Ukiandika OP_Daraja kwenye kutafuta unaona oparesheni zote za Daraja zimejipanga. Hapo utakuja na mpangilio wako mzuri kuliko huu, sawa, utumie, ila timu nzima mtumie huo huo. Usiweke jina lako, usiweke tarehe, na tafadhali usiweke "_mpya" wala "_final", Boomi inatunza marejeo kila unaposevu, ya zamani hayajapotea popote.

HATUA 4: Koneksheni. HAPA TULIA.

Mfumo mmoja, koneksheni moja, inakaa 00_Pamoja na prosesi zote zinaitumia hiyo hiyo. Tatizo linakuja unapokopi prosesi, maana unaweza kukopi pamoja na vitu inavyovitegemea, koneksheni zikiwemo, na mtu mwenye haraka anakubali vyote. Sisi tuliungulia hapo hapo. Tulikopi prosesi ili kuongeza tawi la pili la duka, nakala ikaja na koneksheni yake, jina lile lile ID tofauti, hakuna aliyestuka. Sasa ekstensheni za mazingira, yaani zile thamani unazojaza tofauti kwa majaribio na tofauti kwa prodakshen (kazi halisi), zinafuata ID, hazifuati jina. Ya zamani ilikuwa imejazwa vizuri, hii mpya haikuwa na kitu, kwa hiyo ikatumia kilichomo ndani yake: sandbox.safaricom.co.ke na funguo za majaribio. Prosesi zinaisha kijani, ripoti haina kosa hata moja, na kwenye paybill haijaingia hata shilingi. Waliogundua ni watu wa uhasibu, si sisi.

Kwa hiyo:
- Ukikopi prosesi, USIKOPI koneksheni. Nakala ielekezwe kwenye ile ile.
- USIUNDE CONN_Daraja_DEV na CONN_Daraja_PROD. Iwe moja, URL na funguo ziwekwe kwenye ekstensheni.
- Ndani ya koneksheni yenyewe usiache funguo zinazofanya kazi. Weka URL ya uongo kabisa. Ukisahau kujaza ekstensheni prosesi ianguke kwa kelele, kuliko ifanye kazi kwenye mfumo usio wenyewe.
- Kama mkataba wenu unahesabu koneksheni, kila koneksheni tofauti uliyoideploi (uliyoipeleka kufanya kazi) inakula leseni. Nakala tatu za kitu kimoja ni leseni tatu. Mkuu wa fedha hatakuelewa.

HATUA 5: Oparesheni. Moja kwa kila kitendo: ya kuchukua tokeni (kibali cha muda cha kuita Daraja) moja, ya stkpush moja. Zote zinakaa juu ya koneksheni ile ile.

HATUA 6: Profaili na mapu. Ombi na Jibu ni profaili mbili, usizichanganye. Na ile shortcode (namba ya biashara) ya majaribio 174379 isikae ndani ya mapu, iweke kwenye process property (kihifadhi thamani cha prosesi) na uifungulie ekstensheni. Nimeikuta kwenye mapu za watu wanaojiita masinia.

HATUA 7: Kila shepu (kisanduku cha hatua kwenye mchoro wa prosesi) ipe lebo. Basi.

---- MASWALI ----

kijana_wa_kodi: mkuu mbona kwangu haifanyi kazi

Mwandishi: Nini haifanyi kazi?

kijana_wa_kodi: yote

Mwandishi: Hatua ya ngapi, kosa linasemaje, umeangalia ripoti ya prosesi? Ukiwa na majibu rudi.

Mama Prosesi: Kaka asante kwa somo. Mimi nimerithi akaunti yenye komponenti mamia, majina vurugu tupu, aliyejenga keshaondoka. Nikibadilisha majina sasa hivi si nitavunja vitu vinavyokimbia?

Mwandishi: Swali zuri dada. Huvunji. Komponenti zinaitana kwa ID kwa hiyo kubadilisha jina au kuihamisha folda hakukati kitu, na kilichokwisha kudeploiwa kinaendelea kama kilivyo. Ila usianze na majina. Anza kwa kubofya kulia kila koneksheni uangalie inatumika wapi, hiyo menyu ipo, wengi hawaijui. Isiyotumika popote ihamishie folda ya ZZ_Karantini, ikae kwanza, usifute siku hiyo hiyo. Ukimaliza koneksheni nenda kwenye prosesi, mapu ziache mwisho. Na kama ni nyingi sana, Platform API ya Boomi (zamani AtomSphere API) inakuruhusu kuchukua komponenti kama XML na kuirudisha, kwa hiyo jina linaweza kubadilishwa kwa skripti. Jaribu na moja isiyo na maana kwanza.

Mama Prosesi: Mungu akubariki, nilikuwa naogopa hata kugusa.

seniadev_255: Sikubaliani na hatua 4. Ofisini kwetu tuna koneksheni ya DEV na ya PROD na miaka yote iko poa tu, unaona wazi unatumia ipi.

Mwandishi: Ukitoka majaribio kwenda prodakshen unafanyaje? Unafungua prosesi, unabadilisha koneksheni kwa mkono, unapakia upya?

seniadev_255: ndio, dakika mbili tu

Mwandishi: Basi pakiti (toleo lililofungwa) uliyoijaribu siyo uliyoideploi. Umejaribu kitu kimoja ukapeleka kingine. Mimi nimeshasema yangu, endelea na yako.

seniadev_255: hasira za nini sasa mzee

Mwandishi: Sina hasira. Nina usingizi.

juma_jsoni: Kaka nje ya mada kidogo. Nimefuata yote, majina safi kabisa, lakini Daraja inakataa Timestamp na mimi naiona tarehe ni sahihi.

Mwandishi: Unaiona wapi? Fomati ya ndani ya Boomi ni yyyyMMdd HHmmss.SSS, ina nafasi katikati na nukta. Daraja inataka yyyyMMddHHmmss, tarakimu 14 zimeshikana. Angalia pia MM na mm, kubwa ni mwezi, ndogo ni dakika.

juma_jsoni: Duh ni nafasi kweli. Sasa imepita hapo lakini inasema funguo si sahihi, na passkey, ile siri ya Daraja, nimeikopi yenyewe.

Mwandishi: Password ya stkpush ni shortcode + passkey + timestamp vikiungwa halafu vikisimbwa kwa base64. Bila shaka unaita saa ya sasa mara mbili, mara moja kwenye password, mara nyingine kwenye uga wa Timestamp, zikipishana sekunde moja tu imekataa. Tengeneza saa mara moja mwanzoni mwa prosesi, iweke kwenye dynamic process property, iite DPP_Daraja_Timestamp, kote utumie hiyo.

juma_jsoni: IMEKUBALI 🙌 simu imelia

Mama Prosesi: Na tokeni je, mnaomba upya kwa kila oda?

Mwandishi: Hapana dada, jibu la tokeni linakuja na expires_in 3599, yaani karibu saa nzima. Itunze kwenye property yenye kitiki cha kudumu pamoja na muda wa kuisha, ukiomba nyingine zikibaki dakika chache hupati shida. Hiyo naifanyia prosesi ndogo peke yake, SUB_Daraja_Tokeni, na kila mtu anaiita hiyo.

kijana_wa_kodi: mkuu nimerudi, ni hatua ya 4

Mwandishi: Ulikopi koneksheni.

kijana_wa_kodi: ndio